Kutoka Kazi hadi Siri: Jinsi Waandishi wa Karne ya Kumi na Tisa Walivyosimulia Upya Maisha ya Maharamia Wanawake

1. Utangulizi



Vizazi kadhaa vya wasomaji wa Kiswahili vilikutana na maharamia kwa mara ya kwanza katika kitabu kiitwacho Kisiwa chenye Hazina. Hicho ni tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson, Treasure Island, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883. Mfasiri wake alikuwa Frederick Johnson, mtu ambaye jina lake halihitaji kutambulishwa kwa wanafunzi wa historia ya lugha yetu, na tafsiri yenyewe ilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Anayekisoma kitabu hicho kwa makini atagundua kwamba merikebuni hamna mwanamke hata mmoja. Mama yake Jim Hawkins anabaki nchi kavu, naye mke wa John Silver anatajwa tu na hasemi neno. Stevenson mwenyewe alieleza kwamba aliwaacha wanawake nje ya hadithi kwa matakwa ya Lloyd, mwana wa kambo ambaye kwa ajili yake alianza kuitunga.

Jambo hili lisingetushughulisha lau Stevenson asingekuwa na habari za maharamia wanawake. Lakini alikuwa nazo. Alikiri kwamba miongoni mwa vitabu vilivyomsaidia ni historia ya maharamia iliyoandikwa na mtu aliyejiita Kapteni Charles Johnson na kuchapishwa London mwaka 1724. Ukurasa wa jina wa kitabu hicho uliwatangazia wanunuzi kwamba ndani yake mna matendo ya maharamia wawili wa kike, Mary Read na Anne Bonny. Kwa hiyo tuna akina Johnson wawili: mmoja aliyewaweka wanawake mbele kabisa ya kitabu chake, na mwingine aliyetuletea kwa Kiswahili hadithi ambayo wanawake walikwisha kuondolewa. Baina yao imo zaidi ya miaka 200, na ndani ya miaka hiyo imo karne ya kumi na tisa.

Swali la mhadhara huu ni hili: waandishi wa karne hiyo waliwafanya nini wanawake wale? Jibu la haraka ni kwamba waliwasahau, lakini jibu hilo si sahihi. Stevenson ni mfano wa pembeni. Waandishi wengi wa wakati wake na wa kabla yake waliwapenda maharamia wanawake na kuwaandika tena na tena. Hoja yangu ni kwamba waliwahifadhi wanawake hao huku wakibadilisha kiini cha habari zao. Kumbukumbu za awali zinamwonyesha mwanamke akifanya kazi: akibeba silaha, akipokea maombi, akipatana na serikali. Masimulizi ya karne ya kumi na tisa yanamwonyesha mwanamke mwenye siri ya kuficha au mwenye mpenzi wa kumfuata. Nitalieleza hilo kwa mifano mitatu, kisha nitauliza linatuhusu nini sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya istilahi. Haramia ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na ndani yake mna hukumu ya kile kilichoharamishwa. Mara nyingi jina hilo hutolewa na mahakama, na serikali au na mwandishi, na ni mara chache mtu kujiita hivyo mwenyewe. Kwa sababu hiyo kila habari ya haramia huwa ni habari iliyosimuliwa na mtu mwingine, na kazi ya kwanza ya mtafiti ni ile wanayoifahamu vyema wanazuoni wetu wa pwani: kutafuta isnadi, yaani kuuliza nani alisema, aliyapata kwa nani, na ni wapi mnyororo ulipokatika.

2. Ushahidi wa Jamaika, 1720

Tuanze na wanawake wawili wa Kapteni Johnson. Tarehe 5 Septemba 1720, Woodes Rogers, gavana wa visiwa vya Bahama, alitoa tangazo dhidi ya John Rackam na wenzake walioiba mashua na kuingia katika uharamia. Tangazo hilo liliwataja kwa majina wanawake wawili waliokuwamo: Anne Bonny na Mary Read. Mwezi wa Oktoba kundi hilo lilikamatwa katika pwani ya Jamaika na Jonathan Barnet. Rackam alishtakiwa katikati ya Novemba na kunyongwa tarehe 18 ya mwezi huo huo. Wanawake walifikishwa mahakamani tarehe 28 Novemba 1720 katika mji wa Spanish Town. Walihukumiwa kifo, ndipo wakasema kwamba ni wajawazito, na kwa kuwa sheria ya Kiingereza haikuruhusu mjamzito kunyongwa kabla ya kujifungua, utekelezaji wa hukumu ulisimamishwa. Kumbukumbu za parokia ya Mtakatifu Catherine zinaonyesha kwamba Mary Read alizikwa tarehe 28 Aprili 1721.

Maelezo ya kesi hiyo yalichapishwa Jamaika mwaka 1721, na ndiyo matini iliyo karibu zaidi na matukio yenyewe. Mashahidi wake wanastahili kusikilizwa. Dorothy Thomas, aliyeporwa chombo chake, alisema kwamba wanawake wale walivaa makoti ya kiume na suruali ndefu, wakajifunga leso vichwani, na kila mmoja alikuwa na panga na bastola mkononi. Alitambua kwa maumbile yao kuwa ni wanawake. Thomas Dillon, aliyekuwa mkuu wa chombo kingine kilichotekwa, alisema kwamba Anne Bonny alikuwa ameshika bunduki na kwamba wote wawili walikuwa wakilaani na kutukana. Wafaransa wawili waliokuwa wamechukuliwa na Rackam walieleza kwamba wanawake wale walikuwa hodari wa kazi na tayari kufanya lolote. Wakaongeza jambo ambalo ni msingi wa hoja yangu: walipoona chombo cha kufukuza au kushambulia walivaa nguo za kiume, na nyakati nyingine walivaa nguo za kike.

Tuyapime maneno hayo. Mwanamke avaaye gauni siku za kawaida na suruali siku ya mapambano hajifichi. Amevaa nguo za kazi, kama vile mkulima anavyovaa nguo za shamba. Na ikiwa gavana wa Bahama aliyajua majina ya wanawake hao wiki kadhaa kabla hawajakamatwa, basi hapakuwa na siri yoyote ndani ya mashua ile. Kila mtu alijua.

3. Kutoka mahakamani hadi kitabuni

Miaka minne baadaye siri ilizaliwa. Katika kitabu cha mwaka 1724, Mary Read analelewa kama mvulana na mama yake ili bibi yake mzaa baba ahadaike na kutoa fedha za matunzo. Anakuwa askari katika vita vya Flanders, anampenda mwenzake, anafichua kuwa ni mwanamke, anaolewa, anakuwa mjane, na kurudia tena mavazi ya kiume. Anapofika kwenye mashua ya Rackam, Anne Bonny anamdhania kuwa kijana wa kiume na kumtamani, hadi Mary analazimika kumwambia ukweli. Rackam anashikwa na wivu, naye pia inabidi aambiwe. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichomo katika ushahidi wa mahakamani, na jambo la mwisho linapingana nao moja kwa moja.

Nani hasa alikuwa Kapteni Johnson? Mwaka 1932 mtaalamu John Robert Moore alidai kuwa alikuwa Daniel Defoe, na maktaba nyingi zikafuata. Mwaka 1988 P. N. Furbank na W. R. Owens waliibomoa hoja hiyo. Linalotuhusu ni kwamba alikuwa mwandishi mwenye hesabu za soko, na alijua kwamba shahidi mwenye mapanga mawili ya kusimulia hauzi kitabu kama auzavyo msichana aliyevaa suruali. Hata hivyo, tusimdhulumu. Katika kitabu chake kazi bado ipo. Anasimulia kwamba siku ya kukamatwa wanawake ndio waliobaki juu ya sitaha wakati wanaume wengi walipojificha chini, na kwamba Anne alimkaripia Rackam kwa kushindwa kupigana. Siri na kazi zinakaa pamoja katika sura moja.

Karne ya kumi na tisa ndiyo iliyozitenganisha. Sababu zilikuwa kadhaa. Mitambo ya uchapaji ya mvuke ilishusha bei ya vitabu, na wasomaji wakaongezeka. Uharamia katika bahari ya Atlantiki ulikuwa umekwisha au ulikuwa ukingoni, hivyo haramia aligeuka kutoka hatari ya leo kuwa burudani ya jana. Juu ya hayo, tabaka la kati la Uingereza na Marekani lilikuwa likijenga fikra kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani. Mwanamke aliyeonekana nje ya nyumba alihitaji kuelezwa sababu yake, na sababu iliyokubalika upesi ilikuwa mapenzi.

Kitabu kinachoonyesha mwelekeo huo vizuri ni The Pirates Own Book cha Charles Ellms, kilichotoka Boston mwaka 1837 na kuchapishwa tena mara nyingi. Ellms alikuwa mkusanyaji zaidi ya mtunzi. Habari za Anne Bonny na Mary Read alizichukua kutoka katika mkondo wa Johnson, na kichwa cha habari za Mary kinatangaza ushujaa wake. Jambo la kuzingatia zaidi ni majirani aliowapa. Katika kitabu hicho hicho yumo Alvilda, binti mfalme wa hekaya iliyoandikwa na Saxo Grammaticus wa Denmark mnamo mwaka 1200, ambaye aliikimbia ndoa na kuwa haramia kisha akaishia kuolewa na yule yule aliyemkimbia. Wamo pia maharamia wa pwani ya China ambao walikuwa wameishi kweli miaka 30 tu nyuma yake. Msomaji wa mwaka 1837 alifungua jalada moja akakuta hekaya, kumbukumbu za mahakama na historia ya karibuni zimewekwa sawa, bila alama yoyote ya kuzitofautisha. Isnadi ilikatika kwa kufutwa tofauti baina ya habari na habari, wala haikuhitaji uongo mpya.

Njia nyingine ya kusimulia upya ilikuwa picha. Tafsiri ya Kiholanzi ya kitabu cha Johnson, iliyotoka mwaka 1725, ilikuwa na mchoro wa mwanzo unaomwonyesha mwanamke mwenye kifua wazi na upanga mkononi, chini ya bendera ya maharamia. Mwanahistoria Marcus Rediker amependekeza kwamba mchoro huo huenda uliathiri picha mashuhuri ya Eugène Delacroix ya mwaka 1830, ambamo Uhuru anaongoza umma wa Paris akiwa na umbo la mwanamke mwenye kifua wazi na bendera mkononi. Pendekezo hilo likikubaliwa, basi shahidi Dorothy Thomas, aliyeeleza jinsi alivyowatambua wanawake wawili waliompora, alichangia bila kujua katika nembo ya mapinduzi. Lakini tuangalie kilichopotea njiani: koti, suruali, leso na panga, yaani vifaa vyote vya kazi.

4. Mke wa Zheng Yi na karatasi zake

Mfano wa pili unatupeleka kusini mwa China, na hapo kasi ya usimulizi ni ya kushangaza, kwa sababu mhusika alisimuliwa kwa Kiingereza angali hai. Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1775 na anajulikana katika historia kama Zheng Yi Sao. Hilo si jina lake hasa. Zheng Yi alikuwa mumewe, na sao ni neno la Kichina la mke wa kaka mkubwa. Sisi ambao tumezoea kumwita mwanamke Mama Fulani na kukaa naye miaka bila kulitaja jina lake la utotoni hatuhitaji maelezo marefu juu ya desturi hiyo.

Mwaka 1805 viongozi wa maharamia wa mkoa wa Guangdong walifunga mkataba wa umoja chini ya Zheng Yi. Dian Murray, mtafiti aliyefanya kazi kubwa katika kumbukumbu za Kichina na kuchapisha kitabu chake mwaka 1987, anakadiria kwamba umoja huo ulikuwa na majahazi yapatayo 400 na watu kati ya 40,000 na 60,000. Zheng Yi alifariki Novemba 1807. Mjane wake alishika uongozi kwa kushirikiana na Zhang Bao, kijana aliyekuwa ametekwa akiwa mvulana na kulelewa na marehemu kama mwana. Mwezi Aprili 1810, baada ya mazungumzo na serikali kukwama, mjane huyo alikwenda Guangzhou bila silaha, akifuatana na wanawake na watoto 17, na kumaliza mapatano mwenyewe. Waliojisalimisha pamoja naye na Zhang Bao walikuwa watu 17,318, wakiwa na majahazi 226 na mizinga 1,315.

Habari hizi ziliandikwa na Yuan Yonglun katika kitabu kilichochapwa Guangzhou mwaka 1830. Mwaka huo huo mtaalamu wa Kijerumani Karl Friedrich Neumann alifika huko kununua vitabu, na mwaka 1831 tafsiri yake ya kitabu cha Yuan ikatoka London. Aliiambatanisha na maelezo ya Richard Glasspoole, ofisa wa meli ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, aliyetekwa na maharamia hao mwaka 1809 na kukaa nao kwa zaidi ya miezi miwili hadi alipokombolewa. Glasspoole anaeleza kwamba kila mtu jahazini alipewa nafasi ndogo ya kulala pamoja na mkewe na watoto. Maana yake ni kwamba katika pwani ile mwanamke chomboni hakuwa muujiza. Jamii za watu wa majini zilizaliwa, zilifanya kazi na kufa juu ya mashua, na wanawake wao waliendesha vyombo kama wanaume.

Sasa tuone alivyosimuliwa. Yuan anamwonyesha mjane kama mtawala makini: jambo halikufanywa bila maombi ya maandishi, na mali iliyotekwa iliandikwa daftarini. Anataja pia kanuni tatu kali. Ya kwanza ilihusu kwenda pwani bila ruhusa. Ya pili ilihusu mgawo wa ngawira, sehemu mbili kati ya kumi zikiwa za aliyeteka na nane za bohari ya wote. Ya tatu ilikataza kuwatumia mateka wanawake kwa nguvu. Katika kitabu cha Yuan, na pia katika tafsiri ya Neumann, kanuni hizo tatu ziliwekwa na Zhang Bao. Lakini katika masimulizi mengi yaliyofuata zilihamishiwa kwa mwanamke, na leo zinarudiwa kila mahali kama sheria zake, hasa ile ya tatu, kwa kuwa inapendeza kuona mwanamke akiwalinda wanawake.

Mtu anaweza kusema hakuna ubaya, kwani amepewa sifa zaidi. Mimi naona amepunguziwa. Alipewa sheria isiyokuwa yake na kunyang'anywa kile kilichokuwa chake, yaani daftari, maombi ya maandishi na ustadi wa mapatano. Pale Yuan alipomwona mtu wa utawala, wasimulizi wa baadaye walitafuta mjane mrembo na mapenzi yake kwa kijana aliyelelewa na mumewe. Hakuna aliyependa kusimulia mwisho wake wa kweli. Zhang Bao alifariki mwaka 1822 akiwa ofisa wa serikali. Mwaka 1840 mjane, sasa mwenye umri wa miaka 65, alimshtaki ofisa mmoja akidai kwamba alikula wakia 28,000 za fedha alizokabidhiwa na Zhang Bao mwaka 1810 kwa ajili ya kununua shamba. Mashtaka yalitupwa, naye alifariki mwaka 1844. Mwanamke aliyepatana na serikali kwa niaba ya watu 17,000 alimaliza maisha yake akidai haki kwa maandishi. Hiyo si hadithi ya mapenzi, na labda ndiyo sababu haikusimuliwa.

5. Haramia ambaye hakuwapo

Mfano wa tatu ni mfupi lakini una funzo kubwa. Mwaka huo huo wa 1844 ilitoka Boston riwaya ya Maturin Murray Ballou, aliyetumia jina la Luteni Murray, kuhusu Fanny Campbell, nahodha haramia wa kike wakati wa mapinduzi ya Marekani. Fanny anavaa mavazi ya kiume, anajiita Channing, anaongoza maasi melini na kwenda Kuba kumkomboa mchumba wake aliyefungwa. Mwishoni anaolewa na kurudi nyumbani. Kila kitu tulichokiona kimekamilishwa humo: siri ndiyo njia, mapenzi ndiyo sababu, nyumbani ndiko mwisho. Riwaya iliuzwa sana, na umbo lake likawa la kuaminika mno. Waorodheshaji wa baadaye walimweka Fanny katika safu moja na Mary Read, kana kwamba aliwahi kuishi. Kiolezo kilikuwa kimekamilika kiasi kwamba hakikuhitaji tena mtu halisi ndani yake.

Lakini wasomaji si mitungi ya kujazwa maji. Miongoni mwa waliosoma riwaya hiyo alikuwamo msichana wa New Brunswick, Kanada, aitwaye Sarah Emma Edmonds, aliyezaliwa mwaka 1841 na ambaye alipewa kitabu hicho na mchuuzi. Mwaka 1861 alijiandikisha katika jeshi la Marekani kwa jina la Franklin Thompson, akatumikia kama mwanamume hadi mwaka 1863, na mwaka 1884 Bunge la Marekani lilimpatia pensheni ya askari. Baadaye alieleza kwamba kitabu kile kilimfungulia njia, isipokuwa jambo moja lilimsikitisha: kwamba Fanny maskini hakuwa na lengo kubwa zaidi ya kumkimbilia mwanamume. Huo ni uhakiki wa fasihi uliofanywa na msomaji wa karne ile ile, asiye na shahada, na unafika moja kwa moja mahali ambapo wahakiki walifika baada ya miaka 100. Aliitupa siri ya mapenzi, akaichukua kazi.

6. Mfasiri wa Kiswahili mbele ya matini hizi

Haya yote yanatuhusu nini? Naamini siku moja mwanafunzi wa chuo kikuu atakaa mezani kuzitafsiri matini hizi, na nataka kumwonyesha mambo matatu.

Kwanza, sarufi yetu. Mwandishi wa Kiingereza anayesimulia mwanamke aliyevaa kiume analazimika katika kila sentensi kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike. Kila hatua ama anaficha ama anafichua, na hivyo lugha yenyewe inamsukuma kwenye siri. Kiswahili hakina mzigo huo. Tukisema, "Alipanda chomboni, akachukua bastola, akasimama sitahani," kiambishi a- kimetuambia kuwa ni mtu, na kimenyamaza juu ya jinsia. Katika Kiswahili baharia anaweza kufanya kazi kurasa nyingi akiwa baharia tu. Ushahidi wa Wafaransa wawili wa mwaka 1720, kwamba walikuwa hodari na tayari kufanya lolote, unakaa katika lugha yetu bila kuomba radhi.

Pili, kuna mahali ambapo Kiswahili kinadai kile ambacho Kiingereza hakidai. Mahali hapo ni ndoa. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Zheng Yi Sao aliyeongoza maelfu, mara tu tunapofika kwenye ndoa yake na Zhang Bao, kitenzi chake kinaingia kauli ya kutendwa. Mimi mwenyewe katika mhadhara huu nimesema Mary "anaolewa" na Fanny "anaolewa", na sikuwa na budi. Mfasiri mwangalifu ajue kwamba wanaweza pia kufunga ndoa, au kuoana, na kwamba kuchagua kati ya maneno hayo ni kuchagua tafsiri ya historia. Ni jambo la kufikirisha kwamba sarufi yetu inabana pale pale ambapo wasimulizi wa karne ya kumi na tisa walipenda kumalizia hadithi zao.

Tatu, maneno ya sifa. Tunasema kupigana kiume na kujikaza kiume bila kufikiri. Tukiyatumia maneno hayo kwa Anne Bonny aliyebaki sitahani wakati wanaume wamejificha, tutakuwa tumemvisha nguo ambazo hata mashahidi wake hawakumvisha. Lugha ina maneno ya kutosha: kwa ushupavu, kwa ujasiri, bila kurudi nyuma.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba waandishi wa karne ya kumi na tisa hawakuwafuta maharamia wanawake. Waliwapokea kutoka katika ushahidi, wakapunguza kazi zao na kukuza siri na mapenzi yao, hadi ikawezekana kumtunga haramia mwanamke asiyekuwapo na akaaminiwa kuliko waliokuwapo. Stevenson alipowaacha nje ya merikebu yake, huenda alikuwa akikataa mapenzi hayo ya vitabuni. Kwetu sisi matokeo yake ni kwamba tulipokea bahari ya wanaume peke yao.

Wala nisieleweke kuwa natetea uharamia. Watu walioporwa na Rackam walikuwa wavuvi na wachuuzi wadogo, na vijiji vya Guangdong viliteketezwa. Kumsoma mwanamke kwa haki ni pamoja na kumkubalia uwezo wa kudhulumu. Dorothy Thomas, aliyeporwa, naye ni mwanamke katika historia hii, na kauli yake ndiyo ushahidi wetu bora.

Katika karne hiyo hiyo, upande huu wa bahari, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na Sayyida Salme wa Unguja alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Hao walisema wenyewe, na tunaweza kubishana nao ana kwa ana. Mary Read na Anne Bonny hawakuacha maandishi yao. Mke wa Zheng Yi, ambaye utawala wake ulitegemea maandishi, tunamsoma kwa kalamu ya Yuan Yonglun. Kwa sababu hiyo wana haki ya kupata kwetu kitu kimoja ambacho wasimulizi wao wengi hawakuwapa: msomaji anayeuliza, kwa kila sentensi, nani alisema kwanza.